Unywele Uliozidi

Mikasi miwili ilikuwa mezani juu ya kitambaa cheupe, na Inspekta Sharafat Ghumman hakuona tofauti yoyote kati yake.

Aliushika mmoja, akauweka, akaushika wa pili. Kila mmoja ulikuwa bomba jembamba la chuma, nene kama penseli, refu kutoka kiwiko hadi kiganja. Upande mmoja kulikuwa na kishikio cha vidole. Upande wa pili kulikuwa na taya mbili zilizopinda, ndogo kuliko ukucha wa dole gumba. Daktari hutoboa tundu dogo tumboni mwa mgonjwa, akaupitisha, akakata kilichomo ndani huku anatazama televisheni, na mgonjwa akarudi nyumbani kesho yake bila kupasuliwa tumbo zima.

Mkasi wa kwanza ulitengenezwa hapa hapa, karakana ya Mian Tanvir. Wa pili ulitoka kwa Haji Siddiq, ng'ambo ya reli. Daktari mmoja wa Lahore alikuwa ameletewa yote miwili aijaribu, katika wiki moja, akampigia Mian simu kumuuliza mkasi wake umezaa pacha lini. Kwa simu hiyo, mpiga tupa, fundi wa kusugua chuma mpaka kifikie kipimo, aitwaye Riyasat alikuwa amekamatwa jana magharibi na kulala rumande.

Ushahidi dhidi ya Riyasat haukuwa mdogo. Wiki mbili zilizopita, siku ya Alhamisi, umeme ulipokatika, aliufunga mkasi wa kwanza ndani ya shuka yake akaenda nao nyumbani, akaurudisha Jumamosi. Dada yake ameolewa mtaa ule ule wa Haji. Na yeye mwenyewe hakukana. Alisema aliuchukua, ukiwa umeshang'arishwa, akamalizie makali kwa taa ya betri, kama wapiga tupa wote wanavyofanya, na kwa dada yake alienda kula wali. Saa nane mchana alitakiwa awe mbele ya hakimu. Akifikishwa hapo na shitaka lililoandikwa lilivyo, angepewa siku kumi na nne nyingine za kuhojiwa, na Inspekta aliwajua wenzake wanavyohoji.

Lakini hizo siku kumi na nne hazikuwa ndilo jambo lenyewe. Sialkot nzima kazi hupita mkono kwa mkono. Mmoja anafua, mwingine anapiga tupa, wa tatu anachoma, wa nne anang'arisha, na vyuma vya watu hulala kwenye nyumba za mafundi bila risiti wala kufuli. Mtu akishaitwa mwizi mtaani, hakuna atakayempelekea chuma tena. Hata hakimu akimwachia, atakuwa na mikono miwili isiyo na kazi mpaka afe.

Inspekta hakuwa mtu wa vyuma. Baba yake alichoma matofali, na yeye aliacha shule darasa la sita akaingia polisi kama konstebo wa kushika fimbo. Alipofika asubuhi ile, ukungu wa Januari ukiwa bado umeziba uchochoro, alimwambia wazi binti aliyeuchora mkasi wa Mian kwamba yeye hajui milimita wala ndugu yake milimita, amweleze kama anamweleza mtoto.

Binti aliitwa Shagufta. Alikuwa na miaka ishirini na saba, injinia, binti wa mng'arishaji, na chini ya kucha zake kulikuwa na weusi ule ule wa wanaume wa karakana. Hakupoteza muda. Alilowesha karatasi laini ya kufutia pua, akaitandaza juu ya glasi, akaikata kwa mkasi wa kwanza. Taya zikafunguka na kufungika bila sauti, na karatasi ikagawanyika mpaka ncha kabisa. Akachukua wa pili. Ulikata, lakini kwa shida. Kidole gumba chake kilionekana kinasukuma, kama mtu anayefunga mlango uliovimba kwa mvua.

“Makali ni mabovu?” Inspekta aliuliza.

Shagufta alisema hapana, na hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Alimweleza kwamba kutengeneza mkasi mdogo hivi si kuupunguza mkubwa. Taya hizi hazilaliani bapa kwa bapa. Kila moja imepindwa kidogo kama upinde, kiasi ambacho jicho halikioni, ili makali yakutane sehemu moja tu kwa wakati, na sehemu hiyo itembee kutoka shinani hadi nchani. Upinde ukizidi, zinalana. Ukipungua, nyama inateleza katikati na daktari anaitafuna badala ya kuikata. Kuupata upinde huo kulimchukua miezi minane na ngozi za kuku ambazo muuza kuku alidhani ni za kulisha paka. Na sasa upinde wake, wenyewe hasa, ulikuwa kwenye mkasi wa Haji Siddiq.

“Basi kinachokwama ni nini?”

“Kitu kingine, huku shinani, zinapoingia kwenye mwanya wa shingo, pale mwisho wa bomba.”

Inspekta akamwambia aing'oe pini ya kila mkasi na apime. Binti alipima mara tatu kwa kipimo cha kubana, naye Inspekta akaandika kwa mwandiko wake mkubwa wa darasa la sita. Taya ya mkasi wa Mian, shinani, ilikuwa na unene wa milimita moja nukta mbili sifuri. Taya ya Haji, moja nukta mbili tano. Mwanya wa shingo ulikuwa sawa kwa yote miwili, mbili na nusu kamili. Hata mwana wa mchoma matofali aliweza kujumlisha. Taya mbili za Mian zilibakiwa na nafasi ya kuchezea. Mbili za Haji zilijaa mwanya wote.

Akaomba mchoro. Shagufta alienda ofisini, akafungua kabati kwa ufunguo wake, akaleta karatasi mbili, moja ya taya na moja ya shingo. Inspekta akaweka kidole kwenye namba ya shina la taya. Moja nukta mbili tano.

Akarudi kwenye daftari lake, akaisoma tena namba ya taya ya Haji.

“Kwa hiyo mkasi wa mwizi ndio umefuata karatasi, na wa kwenu ndio umekosea.”

Shagufta akacheka, mara ya kwanza asubuhi ile. Kabla hajajibu, sauti ilitoka nyuma, kwenye jiliwa la mwisho, kile kibanio cha chuma cha mezani, ambako Ustaadh Karamat, kiongozi wa wapiga tupa, alikuwa anaendelea na kazi kama vile polisi ni moshi tu uliopita.

“Huo ni unywele, Inspekta Sahib.”

Ikabidi aelezwe. Hakuna mpiga tupa Sialkot, Ustaadh alisema, anayepiga tupa mpaka kwenye namba. Ukiambiwa moja, unaishia kwenye moja na unywele, kwa sababu chuma chako kitaenda kwa mng'arishaji, na gurudumu la mng'arishaji linakula unywele mmoja. Usipomwachia, atakula chuma chenyewe. Hakuna anayefundishwa hilo, ni kama kuvua viatu mlangoni. Shida ni kwamba wengine wanaacha unywele mzima, wengine nusu, wengine wanaacha usukani wa baiskeli.

“Na anayetukanwa ni mng'arishaji,” Shagufta alisema. “Baba yangu alitukanwa miaka thelathini.”

Ndiyo maana yeye, tangu alipoanza kuchora, aliamua kuutia unywele ndani ya namba kabisa. Taya ikimalizika iwe moja nukta mbili sifuri, kwenye karatasi ya karakana anaandika moja nukta mbili tano. Na siku anapoleta mchoro, anasimama katikati ya majiliwa na kuwaambia wapige tupa mpaka kwenye namba, wasiongeze kitu, unywele umo.

“Imeandikwa wapi?” Inspekta aliuliza.

Shagufta aliigeuza karatasi upande wa nyuma, patupu. Halafu akasema haijaandikwa popote. Aliyetakiwa kujua alikuwepo, akasikia.

Inspekta akageuza ukurasa wa daftari. Alikwenda polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

“Mtu akiuchukua mkasi uliokwisha, akaupima, anapata ngapi?”

“Moja nukta mbili sifuri.”

“Anampa fundi wa Haji namba hiyo. Fundi anaacha unywele. Mng'arishaji anaula. Inarudi ngapi?”

“Ile ile.”

“Mkasi haukwami.”

“Haukwami.”

“Na akichukua karatasi hii, asijue habari ya unywele?”

Ustaadh Karamat aliiweka tupa chini. Fundi wa Haji, alisema, ataongeza unywele wake juu ya unywele uliomo. Mng'arishaji atakula mmoja. Mmoja utabaki.

Inspekta akafunga daftari. Mkasi ambao Riyasat alilala nao nyumbani haukuwa umemfundisha mtu yeyote kitu. Aliyeuiga alikuwa na karatasi.

Hata hivyo hakuharakisha kufurahi. Alisema mbele yao wote kwamba mpiga tupa ana simu kama mtu mwingine, anaweza kupiga picha karatasi ikiwa juu ya jiliwa. Ustaadh alikubali kwamba anaweza. Lakini akamwambia amuulize yeyote pale jinsi mchoro huu ulivyopokewa. Wa kwanza kupiga tupa taya hizi alikuwa Riyasat, na kwa mazoea ya miaka kumi na tisa aliacha unywele. Shagufta akamrudishia jozi nzima mbele ya watu, airudie. Kwa siku mbili kila aliyepita kwenye jiliwa lake alimuuliza kama anafuga nywele au anapiga tupa. Hata kijana wa chai alimwuliza.

“Kama kuna mtu mmoja Sialkot nzima asiyeweza kusahau unywele huu,” Ustaadh alisema, “yuko kwenye rumande yako.”

Saa tatu na nusu Inspekta alikuwa anajua anamtafuta mtu wa namna gani. Alikuwa mtu mwenye uwezo wa kuifikia karatasi, lakini ambaye hajawahi kusimama katikati ya majiliwa Shagufta akisema. Funguo za kabati zilikuwa tatu. Moja ya binti, moja ya Mian, na moja ya shemeji yake Mian, ndugu wa mke wake, jina lake Waqas, aliyeshughulika na wateja wa nje. Huyo Waqas ndiye aliyeandika malalamiko ya jana, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kulitaja jina la Riyasat.

Alianza na Mian. Alimkuta uani kwenye jua hafifu, mtu mzito wa miaka sitini, shali mabegani, anaangalia masanduku ya kusafirishwa. Inspekta hakumwuliza habari ya wizi. Alimpa karatasi ya taya na kumwuliza, mkasi ukiwa tayari, hapa shinani utakuwa na unene gani. Mian alitafuta miwani yake mfukoni, akaikosa, akaishika karatasi mbali na uso.

“Moja nukta mbili. Binti anatia unywele ndani. Kwa nini?”

“Nataka tu kujua, Mian Sahib.”

Mian alikuwa amekaa kwenye jiliwa tangu ana miaka tisa. Inspekta akamshukuru na kupanda ngazi.

Waqas alikuwa na hita ya gesi, kiti cha ngozi, na picha zake mwenyewe ukutani kwenye maonyesho ya vifaa vya hospitali, amesimama kando ya Wajerumani. Kijana wa miaka thelathini na tatu hivi, mchangamfu, mwenye saa nzuri. Aliagiza chai na biskuti kabla mgeni hajakaa. Alisikitika sana kwa ajili ya Riyasat, alisema, mtu wa miaka mingi, lakini shida ya watu wa chini ni kwamba hawajui wanachokiuza. Halafu, akipunguza sauti, akadokeza kwamba Inspekta angefanya vizuri pia kumwuliza yule binti ni mara ngapi Haji Siddiq amemwita akafanye kazi kwake.

Inspekta alikwisha kumwuliza. Mara mbili, binti alisema, na mara zote mbili alikataa kwa sababu Haji alitaka achoree nyumbani, asionekane karakanani. Hilo hakulisema. Alichovya biskuti kwenye chai, akala, akafuta vidole, halafu akatoa karatasi.

“Nisaidie hapa, kaka, mimi sikusoma. Mkasi ukiwa tayari, hapa unakuwa na unene gani?”

Waqas aliitupia jicho tu. “Moja nukta mbili tano. Imeandikwa.”

“Tayari kabisa? Umeshang'arishwa?”

“Inspekta Sahib, mchoro ni mchoro. Kilichoandikwa ndicho kinachotoka.”

“Una hakika.”

“Ndiyo kazi yangu.”

Inspekta akaandika maneno hayo, akamsomea, akamwomba aweke sahihi, kwa ajili ya mafaili tu, kila aliyehojiwa leo anaweka. Waqas aliweka sahihi nzuri yenye mkia. Alimsindikiza mgeni mpaka kwenye ngazi.

Jibu lile halikutosha mahakamani na Inspekta alilijua hilo. Kutojua mila ya karakana si kosa la jinai. Ilibidi aende ng'ambo ya reli.

Haji Siddiq alimpokea kwa adabu ya mtu ambaye wakili wake ameshampigia simu. Alikuwa mwembamba, ndevu zimetiwa hina, vidole vinachezea tasbihi. Alisema mkasi wake ni wake, mawazo hufanana, na watu wenye njaa huona wizi kila mahali. Inspekta alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akauweka mkasi wenyewe mezani, kati ya vikombe.

“Unakwama.”

Vidole vikasimama kwenye tasbihi. Haji alisema hilo analifahamu, na si kosa la mkasi, ni kosa la mkono. Jozi arobaini zilikuwa zimeharibika namna hiyo hiyo. Alikuwa na kiongozi wa wapiga tupa, Munshi, aliyekuwa naye miaka ishirini na miwili, aliyemfundisha hata mwanawe. Uzee umemwingia machoni, hawezi tena kuisoma namba. Alimfukuza wiki iliyopita mbele ya mafundi wote, na baada ya hapo, Haji alisema, hakuna karakana mtaani iliyomchukua.

“Munshi aliapa?”

“Aliapa kwa watoto wake. Alisema alipiga tupa mpaka kwenye namba na unywele, kama siku zote.”

“Alisema kweli.”

Inspekta akamweleza habari ya unywele uliomo kwenye karatasi. Aliieleza vibaya, akajichanganya mara moja, akarudi mwanzo. Haji hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alimwita mng'arishaji wake kutoka chini, akamwuliza alikula kiasi gani kwenye taya zile. Mzee yule, amejaa vumbi la kijani la dawa ya kung'arishia, akasema kama kawaida, unywele mmoja, kwani kuna nini. Haji akamwambia arudi kazini. Aliushika mkasi, akazifungua na kuzifunga taya, zikakwama. 

“Hakuniambia,” Haji alisema hatimaye, kwa sauti ya chini, kama anaongea na tasbihi. “Ameniacha nimfukuze Munshi, na hakuniambia.”

“Asingeweza kukuambia, Haji Sahib. Hajui mpaka sasa. Ni nani?”

Haji alimwangalia, na Inspekta aliona anapiga hesabu ya wakili, ya mtaa na ya Mungu, zote kwa pamoja. Ikashinda ya mtaa. Alichukua simu yake, akaitafuta picha, akaisukuma mezani. Ilikuwa karatasi ya taya, imelala juu ya meza yenye kioo, na pembeni ya picha kulionekana kipande cha saa nzuri. Ilikuwa imetumwa na Waqas, tarehe mbili Desemba, wiki tatu kabla Riyasat hajautia mkasi kwenye shuka yake.

Yaliyobaki aliyatoa bila kuvutwa. Waqas alimwambia mchoro ni wake mwenyewe, kwamba kwa shemeji yake yeye ni mtu aliyepewa kiti ili dada yake asilalamike, na kwamba yeye na Haji wangekuwa washirika na Novemba ijayo wangesimama pamoja Ujerumani kwenye maonyesho. Haji alisaini maelezo yake. Inspekta akamwonya kwamba kununua mali ya wizi nako kuna kifungu chake na atarudi kwa hilo. Haji akasema arudi tu. Lakini kwanza alikuwa anavaa viatu, maana alitaka kwenda kwa Munshi kwa miguu yake, asimtume mtu.

Saa saba kasoro robo Inspekta alikuwa kituoni. Mian Tanvir alikuwa ameshafika, ameitwa kwa simu, amekaa kwenye benchi la mbao chini ya saa. Konstebo alikuwa ametumwa karakanani kumchukua Waqas. Inspekta alimsomea Mian maelezo ya Haji na kumwonyesha picha. Mian hakubisha. Aliitambua saa ya pichani. Alikuwa amemnunulia yeye mwenyewe, siku ya harusi.

Kisha akaanza kuongea, na hakuongea kwa kiburi. Alisema ni ndugu wa mke wake, wa pekee. Alisema nyumba itavunjika. Aliomba kitu kimoja. Malalamiko yaondolewe, Riyasat aachiwe sasa hivi, arudi kwenye jiliwa lake, na iandikwe tu kwamba kulitokea kutoelewana. Yeye mwenyewe angempeleka Waqas mbali, Karachi, asionekane tena.

“Kutoelewana,” Inspekta alirudia.

“Neno tu, Sharafat. Mtu wako anatoka, wangu anaondoka.”

Inspekta alimwambia kwamba ripoti imeshaandikwa na jina la Waqas limo, na halitoki. Hakimu angeisoma saa nane. Hilo halikuwa la kuombwa. Lakini kumtoa Riyasat anaweza hata sasa, na akaenda na ufunguo.

Riyasat alikuwa amekaa ukutani, magoti juu, mikono imeingizwa kwapani kwa baridi. Mwanamume wa miaka arobaini, mfupi, mwenye bega moja lililozidi jingine kwa kazi. Inspekta alifungua mlango na kumwambia kwamba mambo yako wazi sasa, mwizi ni Waqas, na yeye yuko huru. Alitegemea asimame. Riyasat hakusimama.

“Nani ameambiwa?” aliuliza.

“Mimi najua. Mian anajua. Hakimu atajua.”

“Mtaani?”

Inspekta akasema mtaani bado.

“Basi funga, Inspekta Sahib. Nilitolewa jana saa ya watu kutoka msikitini, nimefungwa pingu, uchochoro mzima umesimama. Nikirudi kimya kimya watasema Mian amenionea huruma. Hapa angalau nasubiri hukumu. Kule nitakuwa nimeshahukumiwa.”

Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayetaja kipimo. Inspekta akauacha mlango wazi na kurudi kwenye benchi. Alimweleza Mian neno kwa neno, hakuongeza wala kupunguza, kisha akatazama saa ya ukutani na kusema kuna saa moja na dakika tano. Ripoti yake ingemtosha hakimu. Mtaa hausomi ripoti.

Mian alilikaza shali lake mabegani. Halafu akanyanyuka.

Walikwenda kwa miguu, watatu, Mian mbele, Riyasat katikati. Ukungu ulikuwa umepanda juu ya mapaa na uchochoro ulikuwa unanguruma kama kawaida yake, magurudumu, nyundo, feni za moto. Walipomwona Riyasat kati ya watu wawili wale, mashine ya kwanza ikazimwa, ikafuata ya pili, mpaka ikasikika redio ya kinyozi peke yake, na mtu akaizima nayo. Ustaadh Karamat alitoka mlangoni na tupa mkononi. Shagufta alisimama nyuma yake. Waqas alikuwa ameshachukuliwa na konstebo kwa mlango wa uani.

Mian alisimama katikati ya uchochoro. Hakupandisha sauti, kwa hiyo watu wakasogea.

“Jana nilimwita Riyasat mwizi,” alisema. “Sikuchunguza. Aliyeiba mchoro ni Waqas, ndugu wa mke wangu, aliyekuwa anakula kwenye sahani yangu. Riyasat hakuchukua kitu. Mimi ndiye niliyekosea, na ninalisema hapa nilipomkosea.”

 Akageuka na kuingia ndani kwake, akijivuta kama aliyezeeka njiani.

Hakuna aliyepiga makofi wala kumkumbatia mtu. Walisimama tu, wanaangalia viatu vyao, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa amesema lake jana usiku na alikumbuka alichosema. Riyasat naye alisimama, mikono bado kwapani. Inspekta alianza kufikiri kwamba labda haikutosha.

Kisha kutoka karakana ya upande wa pili akatoka mfua chuma mmoja mzee, jirani tu, wala si mtu wa Mian. Amebeba gunia dogo lililojaa mikasi iliyofuliwa jana, myeusi bado, haijaguswa na tupa. Alivuka uchochoro akichechemea na kuliweka miguuni pa Riyasat.

“Hii inatakiwa Alhamisi,” alisema.

Riyasat aliliangalia gunia. Akatoa mkono mmoja kwapani, akachagua chuma kimoja, akakigeuza kwenye mwanga, akafuatisha ukingo wake kwa kidole gumba.

“Alhamisi hii?” aliuliza. “Na usiku kucha nimelala kituoni? Nipe mpaka Jumamosi.”

Mzee akanung'unika kwamba wapiga tupa wa siku hizi ni wavivu, na Jumamosi haiwezekani, labda Ijumaa baada ya sala. Walikuwa bado wanabishana Inspekta alipoondoka kwenda kwa hakimu.